Dada Vene na Maji ya Sufuria

Usiku ule nililala na sare ya kazi, vifungo vyote hadi shingoni, kwa hofu ya kuchelewa zamu ya asubuhi. Najua ni upuuzi. Lakini ndivyo nilivyo: nikiwa na jambo kesho, leo yote inaharibika. Na la kesho lilikuwa zito. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe ningekaa peke yangu mbele ya skrini, bila mtu wa kunisimamia begani, niipokee Sufuria ikiwa tayari motoni.

Sufuria ni jina tulilolipa pipa kubwa la chuma ambamo kiwanda chetu hupikia gundi ya mbao. Huku juu kwenye baridi mji mzima unaishi kwa miti ya paini. Wengine wanakata, wengine wanapasua, sisi tunapika gundi. Ndani ya Sufuria tunatia kemikali za fenoli na fomalini, tunapasha kwa mvuke, na baada ya muda mvuke hauhitajiki tena, kwa sababu vitu vile vinaanza kujichemsha vyenyewe. Kuanzia hapo kazi yote ni kupoza, kwa maji yanayotoka kwenye tangi la uani na kuizunguka Sufuria kwa nje. Maji yakikosekana, joto halina pa kwenda. Linapanda, linazidi kujipandisha, mpaka chuma chenyewe kinashindwa. Chuoni nilifundishwa hayo kwa mchoro ubaoni. Kazini nilifundishwa na Dada Veneranda, ambaye alinishika kisogo akanisogeza hadi nikasikia joto la Sufuria kwenye kope, akasema, “Hii ikikasirika haikimbiki.”

Dada Vene alikuwa kiongozi wa zamu yetu. Alifariki kabla ya masika, nyumbani kwake, akiwa anafua. Presha. Tulikwenda wote kumchukua mochwari na tulimzika kwenye mvua nyepesi, na hadi leo sijui kwa nini kiwandani tunamtaja kwa sauti ya chini, kana kwamba yuko chumba cha pili. Hakuwa mpole. Ukikosea alikupiga na glovu, kisha akakumegea muhogo wake. Ndiye aliyeanzisha utaratibu wa kuwaruhusu kina mama wa mtaa wa jirani wachote maji kwenye tangi letu jioni, mji unapokuwa na mgao. Uongozi ulijua, ukanyamaza. Sisi wenyewe tulikuwa tunaondoka na madumu yetu. Alipofariki utaratibu ulibaki, maana nani angethubutu kuwafungia geti wanawake wale?

Nilikuwa namwona akipanda ngazi ya tangi kabla hawajaingia, na akipanda tena wakishaondoka. Nilidhani anatafuta mtandao. Pale uani simu inashika kwa shida mpaka upande juu ya kitu.

Basi jioni ile nilikabidhi zamu kwa Kaka Bonifasi, ambaye ndiye angekesha na kuiwasha Sufuria alfajiri ili mimi niipokee.

“Injinia,” akaniambia, akitundika koti lake, “kesho unapokea mtoto. Umeshanunua nepi?”

“Kaka Boni, umeme ukikatika?”

“Jenereta.”

“Jenereta ikigoma?”

“Kuna pampu ya dizeli.”

“Na dizeli ikiwa na maji?”

“Basi tutaita padri.” Akanisukuma taratibu kuelekea mlangoni. “Nenda kalale, mama. Ukiwaza hivi mpaka asubuhi utaiva wewe kabla ya gundi.”

Nikacheka kwa adabu. Kabla ya kutoka nilitupa macho kwenye skrini mara ya mwisho. Vipimo vyote vilikuwa vinacheza kama kawaida yao, juu, chini, kila kimoja kikinipa sababu ya kuogopa. Kimoja tu kilikuwa kimetulia, kile cha tangi la maji. Mstari wake ulikuwa umenyooka karibu na kikomo cha juu, umenyooka tangu asubuhi, umenyooka vizuri kabisa. Nikajiambia, afadhali na hiki. Kisha nikapishana na foleni ya ndoo getini, ndefu kuliko nilivyowahi kuiona, ambayo siku hizo haikukatika tangu asubuhi, kwa kuwa mgao ulikuwa umezidi, na mabomba ya mji hayakuwa yametoa tone kwa siku nyingi.

Nikalala na sare. Sikumbuki usingizi ulinichukua saa ngapi.

Nilikuwa kwenye chumba cha mitambo. Ni mchana, jua limejaa dirishani, lakini kiti changu ni dawati la shule ya msingi na magoti hayaingii. Nasikia harufu ya fomalini. Ya kazini nimeizoea, haininyimi raha. Hii ni ile ya mochwari. Na ndani ya ndoto nakaa kujiuliza, kwa makini kabisa, kama kuna tofauti, maana dawa ni ileile.

Mlango ukafunguka. Dada Vene akaingia, ndoo kichwani, kanga kifuani, miguu peku. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye nywele hadi visiginoni ingawa ndoo haikuwa imemwagika.

“Shikamoo, dada.”

Aliitua ndoo, akaja moja kwa moja, akanikamata kisogo kama siku ile ya kwanza. Safari hii hakunisogeza taratibu. Alinibamiza uso kwenye skrini. Kioo kikapasuka. Nikahisi pua ikikatika ndani, kitu cha moto kikashuka midomoni.

“Jana uliona nini?”

“Niliona kila kitu, dada.”

Akanibamiza tena.

“Jana uliona nini?”

Nikaanza kumtajia. Umeme unaoyumba, jenereta, dizeli, mlinzi anayesinzia, radi, tetemeko. Nilivyozidi kutaja ndivyo alivyozidi kunibamiza, na vipande vya kioo vinaniingia kwenye paji la uso, kimoja kimoja, navihesabu kwa uchungu wake. Sauti yangu inatoka na mapovu ya damu. Nataka kumwambia kwamba nimesoma, nina cheti, nimeogopa kila kinachoogopwa.

Akanigeuza nimtazame. Macho yake hayakuwa ya marehemu. Yalikuwa yaleyale, mekundu kwa fomalini.

“Wewe unawaza,” akasema. “Hutazami.”

Kwenye skrini iliyovunjika mistari yote ilikuwa imefutika, isipokuwa mmoja ulionyooka. Alinyoosha mkono akaushika kwa vidole, akauvuta nje ya kioo, nao ukatoka. Ulikuwa waya. Waya mwembamba wa kufungia mabati, wenye kutu. Ukaendelea kutoka, mwingi, akawa anauviringisha kwenye kiganja chake, kisha shingoni kwangu.

Sasa tuko nje, uani, ananiburuza kwa waya ule. Kina mama wamejipanga kwenye bomba la tangi. Wananitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa wa jirani, kwa huruma na kwa haraka.

“Binti, umeamkaje?” mmoja ananiuliza. Ni yule mama muuza vitumbua. “Mbona umejichafua?”

Anafungua koki. Kinachotoka si maji. Ni gundi, nyekundu kama chai ya rangi, inafuka moshi, inaingia kwenye ndoo yake na ndoo inalegea kama kitambaa. Anaipokea kwa mikono. Naiona ngozi ikimbambuka hadi kwenye viwiko, kama glovu inayovuliwa, naye anaendelea kusema na mwenzake habari za bei ya mkaa. Wa pili anakinga. Wa tatu anakinga. Dada Vene ameniachia, ameshika bomba la mpira, anawachapa mgongoni, anawachapa kwa nguvu zote, analia kwa hasira, na hakuna anayegeuka. Foleni inasogea. Mwingine anakinga.

Nyuma yetu Sufuria inavimba.

Sikuiona ikitoka kwenye jengo lake, ila sasa iko uani pamoja nasi, tumbo lake limeumuka, na boliti zinalia moja baada ya nyingine kama mtu anayealisha vidole. Kaka Bonifasi amesimama mbele yake, mgongo kwangu, anapiga mluzi. Nakimbia. Nadhani nakimbia. Waya unanirudisha.

“Kaka Boni! Toka hapo!”

“Maji yapo, Injinia,” anasema bila kugeuka. “Si unaona? Mstari umenyooka.”

Boliti ya kwanza ilimpata begani na kumzungusha, ndipo akanitazama. Ya pili ilipita na taya lake. Alibaki amesimama, akijaribu kusema jambo kwa sehemu ya uso iliyobaki, na nililielewa jambo lenyewe, alikuwa bado anatania. Kisha kifuniko kikang'oka. Hakukuwa na mlio. Gundi ilipaa juu hadi ikaziba jua, ikashuka kwake taratibu, na ikagandia palepale ilipomgusa, kwenye nywele, kwenye macho, kwenye mkono alioinua. Alikuwa anapumua ndani yake. Naliona ganda likipanda na kushuka kifuani. Likapanda. Likashuka. Likatulia.

Nilitaka kupiga kelele, badala yake nikaanza kuwaza. Hata hapo. Nikawaza nani atamwambia mkewe, kama ni mimi au uongozi, na kama ni mimi nitaanza na neno gani, na kama nitavua viatu mlangoni. Dada Vene alinisikia nikiwaza. Alinirukia kama paka. Akanipiga ngumi ya sikio, akanikalia kifuani, akanipiga tena na tena mpaka mawazo yakatawanyika kama kuku, na pakabaki kimya kikubwa kichwani mwangu. Sijawahi kuwa na kimya kama kile maishani.

Ndipo akaninyanyua kwa waya, akapanda nami ngazi ya tangi. Alipanda kwa mikono miwili, na mimi nikining'inia mgongoni mwake kama mtoto, koo limekazwa, miguu ikigonga vyuma. Juu alifungua mfuniko. Ndani palikuwa giza.

“Dada, sijui kuogelea.”

Akanitupa.

Nilijiandaa kwa maji. Nilivuta pumzi, nikafumba macho, nikabana pua iliyovunjika. Nikaanguka kwa muda mrefu kuliko kina cha tangi lolote. Nikatua kwenye chuma kikavu. Goti likapasuka, nikausikia mlio wake ukizunguka kuta zote na kunirudia. Chini palikuwa na tope jembamba na alama za ndoo. Nilipoinua macho nikaliona boya, lile puto la plastiki linalopaswa kuelea juu ya maji na kuiambia skrini maji yako wapi. Halikuwa linaelea. Lilikuwa limefungwa kwa waya kwenye ngazi, juu kabisa, hewani, mahali maji yangekuwa kama yangekuwepo.

Dada Vene aliinama kwenye tundu la tangi. Jua lilikuwa nyuma yake, sikuuona uso. Matone yalikuwa yakimdondoka na kunipiga usoni, moto, na sijui kama yalikuwa maji au machozi au kitu kingine.

“Niliwafundisha kufunga,” akasema. Sauti yake ilikuwa imepasuka. “Sikuwafundisha kufungua.”

Akaanza kuurudisha mfuniko, naye analia. Nikapiga kuta kwa ngumi. Nikapiga mpaka vidole vikavunjika.

Niliamka nikiwa napiga ukuta wa chumba changu. Nimejing'ata ulimi, mdomo umejaa ladha ya chuma. Bado giza, lakini lile la mwisho, ambalo kwenye pembe za dirisha limeshaanza kuchakaa.

Nilikaa kitandani na kufanya nifanyacho siku zote. Nikaanza kuipima ndoto. Nimelala na sare, imenikaba, ndiyo maana ya waya. Nina hofu ya zamu, ndiyo maana ya Sufuria. Marehemu nilimpenda. Kila kitu kina maelezo. Nikipiga simu na ikawa si kitu, nitakuwa yule binti aliyesimamisha upishi mzima kwa sababu ya ndoto, na hadithi hiyo itanitangulia kila kiwanda nitakachoomba kazi. Na nikipiga wakati Kaka Boni ameshika koki, nikamshtua, akakosea kwa sababu yangu? Nilikuwa nimefika mbali kwenye hesabu hiyo nilipogundua kwamba naifanya hesabu, na Sufuria haingojei.

Nikajilazimisha kuacha yanayoweza kutokea, nikatafuta nilichokiona kwa macho yangu. Mstari ulionyooka kutwa nzima, wakati watu wanachota kutwa nzima. Dada Vene akipanda ngazi mara mbili.

Nikapiga simu.

“Injinia!” Kaka Bonifasi alipokea kwa sauti ya mtu aliyekunywa kahawa nyingi. “Hata jogoo bado. Umeota umechelewa?”

“Umeshafungua mvuke?”

“Ndiyo naufungua. Fenoli na fomalini zimeshaingia. Vipi?”

“Usifungue. Angalia tangi la maji kwanza.”

“Limejaa. Naliona hapa kwenye skrini.”

“Usitazame skrini. Panda.”

“Baridi hii? Dada, wewe uko chini ya blanketi, unanituma mimi kwenye ngazi ya chuma...”

“Kaka Boni. Lile boya limefungwa kwa waya?”

Akacheka kidogo. “Ndilo linalokunyima usingizi? Nimelifunga mimi mwenyewe tangu juzi. Kina mama wakichota, alamu inalia mpaka mtu anataka kuhama. Dada Vene alikuwa anafanya hivyohivyo, hukumwona?”

“Nilimwona. Alikuwa anapanda mara mbili.”

“Mara mbili ndiyo nini?”

“Kabla ya kuchota, na baada. Wewe ulipanda mara ngapi?”

Nikasikia mashine zikivuma nyuma yake. Alipozungumza tena alikuwa ameshaacha utani, lakini bado anajitetea. “Usiku mji unajaza tangi. Siku zote linajaa lenyewe.”

“Mji una mgao.”

Nilisikia mlango, kisha upepo, kisha vyuma vya ngazi, kimoja kimoja, na pumzi yake ikizidi kuwa nzito. Mfuniko ukakwaruza. Halafu sauti ambayo sikuielewa mpaka aliporudia. Alikuwa amedondosha kitu ndani, kokoto labda, na kokoto ilikuwa imegonga chuma.

“Yesu wangu,” alisema.

“Kaka Boni?”

“Hakuna kitu. Tope tu.” Mfuniko ukakwaruza tena. “Nilikuwa nimeshika koki, dada. Ulipopiga nilikuwa nimeishika.”

Kisha akaanza kusema haraka, kama mtu anayejirudisha kazini: mvuke haufunguliwi, Sufuria inabaki baridi, boya analifungua sasa hivi na alamu ilie inavyotaka, meneja anaamshwa, boza la maji liitwe. Nilisikia waya ukilia akiunyonga kuukata.

“Nani kakwambia?” akauliza.

Nikafikiria kusema nimekokotoa. Ingekuwa kweli kwa kiasi.

“Dada Vene.”

Hakucheka.

“Alikuwaje?”

“Alinipiga. Alinipiga vibaya sana, kaka.”

“Basi ndiye,” akasema, na nikasikia akivuta kamasi. “Ndiye kabisa. Kasema nini?”

Nikamwambia maneno yake. Chini ya tangi, mbali, nikasikia mlio wa ndoo za plastiki zikigongana, na wanawake wakisalimiana.

“Kina mama wameshafika getini,” alisema. “Siku hizi wanaanza alfajiri.”

“Mwambie mlinzi awaeleze.”

“Kwani ndotoni katumwa mlinzi? Umetumwa wewe. Njoo uwaambie.”

Nje ukungu ulikuwa umelala barabarani hadi kiunoni mwa miti ya paini. Nilitembea haraka, na njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kumwambia muuza vitumbua, mwenye ndoo tupu mkononi na mikono yake mizima, kwamba hajakosa lolote, na kwamba leo hatapata maji.